Zima Kwanza, Shika Baadaye: Tunamkumbuka Nelius Wawira wa Kanja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama unamenya viazi, endelea kumenya. Kama unapukuchua mahindi, pukuchua, ila niazime masikio. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Kanja, huku kwetu Embu. Jina lake Nelius Wawira. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Nelius Wawira wa Kanja. Alituacha wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sabini na mitatu. Alikunywa chai ya saa nne, akajinyoosha kitandani apumzike kidogo, na hakuamka.

Hakuwa diwani. Hakuwa mwalimu. Shule aliishia darasa la nne. Lakini nenda Kanja leo, ingia boma lolote, umuulize mtoto wa miaka sita: stima ikimshika mtu, unafanya nini? Atakujibu kabla hujamaliza swali. Atasema, "Zima kwanza, shika baadaye." Maneno hayo ni ya Nelius, na yana historia yenye uchungu kidogo.

Nelius alizaliwa mwaka wa 1946. Mwaka wa 1968 akaolewa na kijana mrefu, mpole, jina lake Munyi. Munyi alikuwa fundi wa stima. Enzi hizo stima ilikuwa kitu cha mjini. Munyi alifunga nyaya kwenye maduka ya Embu, zahanati za misheni, shule za bweni mpaka upande wa Meru. Msaidizi hakuwa naye, kwa hiyo mke ndiye aliyeshika ngazi. Mtoto mgongoni, ngazi begani, wanapanda mlima. Watu wakamwita "mke wa ngazi." Yeye akawajibu, "Afadhali ngazi. Haisengenyi."

Pale chini ya ngazi, Nelius alisikiliza. Munyi alikuwa na tabia ya kujisemesha akifanya kazi. Nazima. Nimezima. Najaribu kama kweli imezimika. Sasa nagusa. Kila nyumba, kila siku, maneno yaleyale. Mwana wao mkubwa, Ndwiga, alinisimulia akicheka: "Sisi tulijua hayo maneno ya baba kabla ya kujua Baba Yetu Uliye Mbinguni."

Mwaka wa 1993 Munyi akafariki kwa homa ya mapafu. Nasema homa ya mapafu, si stima, kwa sababu watu wetu wanapenda kuongeza chumvi. Nelius akabaki na watoto wanne, kahawa, ng'ombe mmoja, na kichwa kilichojaa maneno ya marehemu ambayo hakuna aliyeyataka.

Mwaka wa 1999 stima ikafika kwenye ule mgongo wa kilima wa Kanja. Jamani, furaha ile! Mama wazima walipiga vigelegele kwa sababu ya balbu. Na kama mnavyotujua, ndani ya mwaka mmoja kila mwenye koleo alikuwa fundi. Fyuzi ikikatika, mtu anaweka kipande cha waya wa seng'enge, na anajisifu kwamba hiyo haikatiki tena.

Sasa tufike mwaka wa 2001, mwezi wa Novemba. Mnajua Novemba kwetu. Kahawa imeiva, mvua inachungulia, na wezi nao wanajua hivyo vyote viwili. Jirani wa Nelius aliitwa Njagi. Bwana Njagi bado yuko, namsalimia, najua anasikiliza. Njagi alikuwa na meza ya kukaushia mbuni, kahawa yenye maganda yake, ile meza ndefu ya nguzo za miti na wavu wa waya juu yake. Ili wezi wasimwibie, aliamua kuweka taa juu ya meza. Akachomeka waya mwembamba kwenye soketi ya sebuleni, akaupitisha dirishani, akauvuta mpaka kwenye meza. Ili usiyumbishwe na upepo, akaukaza kwenye wavu kwa kipande cha chuma. Taa ikawaka. Wezi wakahama. Njagi akasifiwa, na wengine wawili kijijini wakamwiga.

Wasikilizaji, hapo ndipo palipokuwa na kosa. Waya umefungwa kwa chuma, juu ya wavu wa chuma. Jua linaula mchana, chuma kinaukata polepole. Tena, swichi ilikuwa kule kwenye balbu. Mchana Njagi anazima balbu, anaona giza, anajua amezima. Hajazima. Stima bado imelala ndani ya waya, kutoka soketini mpaka mezani.

Njagi alikuwa na binti wa miaka kumi na mmoja, Ednah. Kazi ya Ednah ilikuwa kugeuza mbuni ili zikauke sawasawa. Asubuhi moja akamlalamikia nyanya yake, Marcella, mama mzazi wa Njagi.

"Cucu, hizi kahawa zinaniuma vidole."

"Ni siafu," akasema Marcella. Akachukua majivu, akazungushia miguu ya meza. Kesho yake mtoto akalalamika tena. Majivu yakaongezwa.

Marcella ndiye aliyemsimulia Nelius jambo hilo wakichuma kunde. "Siafu wa mwaka huu hawaonekani, Mama Ndwiga. Wanauma tu."

Nelius akasimama na kunde mkononi. Siafu asiyeonekana! Hakungoja. Akaenda moja kwa moja kwa Njagi, akamkuta na wanaume wenzake watatu.

"Njagi, hiyo waya yako inatoa stima kwa wavu. Itoe leo."

Njagi akacheka. "Mama Ndwiga, wewe ulikuwa unashika ngazi tu. Fundi alikuwa mzee."

Na wale wanaume wakacheka. Nelius akarudi nyumbani. Miaka mingi baadaye alimwambia mke wa Ndwiga, "Nilinyamaza kwa sababu ya aibu. Ningerudi mara ya pili, ningepiga kelele. Lakini niliona aibu." Hilo ndilo lililomuuma maisha yake yote. Si kicheko chao. Ni kunyamaza kwake.

Siku mbili baadaye ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Njagi alikuwa shamba la chini. Nyumba aliifunga kufuli, ufunguo mfukoni. Manyunyu yakaanza. Ednah akakimbia kuzifunika kahawa kwa karatasi ya nailoni. Akaweka mkono juu ya wavu uliolowa. Hakuweza kuutoa.

Marcella alipiga kelele iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto. Nelius alikuwa kwenye njia, akaangusha mzigo wake wa majani ya ng'ombe na kukimbia. Alipofika, Marcella alikuwa amenyoosha mikono amshike mjukuu. Nelius akamvuta nyuma kwa shuka, kikongwe akakaa chini kwa kishindo. Kisha Nelius akafanya jambo lililowashangaza waliokuwa wakifika. Akampita mtoto. Akampita kabisa, akakimbilia nyumba.

"Anatoroka!" mtu akasema. Hakuwa anatoroka. Alikuwa anatafuta swichi kuu, na mlango ulikuwa na kufuli.

Na hapo Njagi akatokea, anapanda mteremko, macho kwa mtoto wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nani angemlaumu?

"Usimguse! Ufunguo! Nipe ufunguo!"

Njagi hasikii. Hatua tano zimebaki. Hatua tatu. Nelius, mama wa miaka hamsini na mitano, mwembamba, akamrukia yule mwanamume kutoka ubavuni, wakaanguka wote matopeni. Njagi akampiga kofi. Nelius akamng'ata. Ndiyo, mmesikia vizuri. Alimng'ata mkono, akaingiza wake mfukoni, akatoka na ufunguo.

Kufuli likafunguka. Swichi kuu ikashuka. Ednah akaanguka kando ya meza.

Nelius hakumrukia hata hapo. Wanakijiji wanasema midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa anasema, nimezima, najaribu. Akabonyeza swichi ya taa ya sebuleni, haikuwaka. Akauvuta ule waya kutoka soketini. Ndipo akatoka na kupiga magoti.

Mtoto hakuwa anapumua. Akina mama wakaanza kulia ule mlio wa msiba. Mzee mmoja, Kiambi, akaagiza jembe. Alitaka wachimbe shimo wamfukie mtoto mpaka shingoni, udongo unyonye stima. Wasikilizaji, msimcheke mzee Kiambi. Wengi wetu tuliambiwa hivyo. Lakini hakuna stima inayobaki mwilini ya kunyonywa, na udongo haupumulishi mtu. Nelius hakubishana. Aliweka viganja viwili katikati ya kifua cha Ednah, akabonyeza. Kwa nguvu, kwa haraka, bila kupumzika, alivyomwona Munyi akifundishwa na wamishonari miaka ya sabini. Alihesabu kwa Kiembu, kwa sauti. Alipochoka akamwamuru Njagi, "Shika hapa. Fanya hivi. Usiache." Na Njagi, damu mkononi na machozi usoni, akafanya.

Ednah akakohoa.

Nilizungumza na Ednah wiki hii. Ana miaka ishirini na tisa, ni fundi cherehani huko Runyenjes, ana watoto wawili. Akaniambia, "Kitu cha kwanza nilisikia ni baba akilia kama mtoto, na Cucu Nelius akimwambia, wacha kulia, tafuta gari." Kwa sababu mtoto alikuwa ameshaanza kuongea, watu walitaka kumpa uji wampeleke kitandani. Nelius alikataa. Stima inaweza kuuchafua moyo na usijue. Alimwagia mkono ulioungua maji safi, akakataza maziwa na majivu, na pikapu ya kahawa ikampeleka hospitali. Ednah alikaa huko siku mbili, akarudi.

Na Njagi? Njagi alikaa wiki nzima bila kumtazama Nelius usoni. Alikuwa amempiga mama ya watu kofi mbele ya kijiji. Jumapili akaja kwake, hakuingia. Alisimama uani.

"Mama Ndwiga, sijui nianzie wapi."

"Anzia kwa wale wawili waliokuiga," Nelius akasema. "Twende tutoe hizo taa zao."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Walikwenda pamoja, na hawakuacha kwa miaka kumi na minane. Boma kwa boma, chama kwa chama. Nelius akiongea, Njagi akionyesha alama ya meno mkononi kama ushahidi. Mimi mwenyewe nilimtembelea mwaka wa 2012. Chai ilikuwa mezani, inatoa moshi. Akaifunika. "Meni suichi ya hii nyumba iko wapi?" Swichi kuu? Sikujua. "Basi itafute. Chai haitoroki." Nilizunguka nyumba ya watu nikiwa nimevaa tai.

Alikuwa na namna zake za kufundisha. Watu wa umri wake Embu hawakuzoea samaki, sivyo? Akiingia nyumba ananusa. "Nani amepika samaki hapa?" Hakuna. "Basi ni soketi inaungua." Plastiki ya soketi ikipata moto hutoa harufu kama hiyo ya samaki. Soketi yenye joto, swichi inayolialia, taa inayofifia ukiwasha pasi, chuma kinachowasha vidole: yote hayo, alisema, ni stima inakuomba msaada kwa adabu. Ikiacha adabu, utajuta. Na soketi ikishika moto, usimwagie maji. Zima, toa watu nje. Narudia: usimwagie maji.

Kama hufikii swichi, alisema, simama juu ya kitu kikavu, tumia mti mkavu kumsukuma mtu. Mkavu, si ule uliotoka mvuani. Na waya wa nguzo ukianguka njiani, huo si wako kabisa. Kaa mbali, zuia watoto, ita watu wa stima.

Tulimzika Alhamisi. Kulikuwa na hema, spika kubwa, na nyaya zimetandazwa nyasini. Askofu alikuwa katikati ya mahubiri mvua ilipoanza. Sikuona nani alisimama kwanza. Niliona akina mama kama ishirini wameinuka kwa pamoja, hakuna aliyewaambia kitu, na Ednah akiwa ameshaifikia swichi. Sauti ya askofu ikakatika katikati ya neno. Akatutazama. Tukamtazama. Kisha akasogea karibu nasi, akamalizia kwa mdomo mtupu.

Baadaye Njagi akaongea, bila kipaza sauti, na tulimsikia sote. Alisema, "Watu husema huyu mama aliokoa mtoto wangu. Ni kweli. Lakini siku hiyo mimi nilikuwa hatua tatu. Wangezika wawili. Na mama yangu angekuja nyuma yangu, wangezika watatu. Nimeishi miaka kumi na minane ambayo si yangu. Nilimpiga kofi, naye akanipa hiyo miaka."

Kwa Ndwiga, ndugu zake, wake zao na wajukuu wote: poleni sana. Tulimpenda mama yenu, na tutamkosa. Kwako Bwana Njagi, pole, ndugu yangu. Umepoteza mwenzako wa safari. Mungu awafariji.

Na kwenu, wasikilizaji wapendwa. Kuna mtu uliyemwona akifanya jambo la hatari, ukamwambia mara moja, akakucheka, ukanyamaza. Nelius angekwambia rudi. Rudi leo, hata wakikucheka mara ya pili.

Sasa nitanyamaza dakika moja. Usikae kunisikiliza nikinyamaza. Inuka, uwaite watoto, mwende mtafute swichi kuu ya nyumba yenu, kila mmoja aiguse kwa mkono mkavu, kisha mmoja wenu aishushe. Kama redio yako ni ya stima, itazimika na hutanisikia tena. Usijali. Iache izimike.