Pampu ya Nne ya Haraka

Benchi lililo mbele ya duka la Glenda, katika mji mkavu wa Mungaree, kusini kabisa mwa dunia, linatosha watu wanne, na kwa miaka kumi na mmoja limekaliwa na watatu. Glenda anauza pampu, mipira ya maji, waya wa uzio na dawa ya kupe. Saa moja asubuhi hutoa nje chupa kubwa ya kahawa, hutoa moja tu, na ikiisha kijiwe kimefungwa. Majina ya pale mtu hupewa kwa kinyume chake, ndiyo desturi ya nchi nzima ile. Clarrie Boyd, anayeinama ili apite mlangoni, ni Mfupi. Des Pannell, anayeanza maneno kabla hajashuka garini, ni Kimya. Na Mervyn Tulloch, fundi uzio mstaafu, mtu wa kupima mara tatu ndipo akate, aliyemzungusha Beryl miaka sita kabla ya kutamka neno ndoa, yeye ni Haraka. Jumanne hiyo ya Februari, jua limeshaanza kuuma, Haraka alifika na pampu kwapani, imefungwa taulo, akailaza kwenye nafasi ya nne kama mtoto mwenye homa.

— Ya tatu hiyo, alisema. Imeungua Alhamisi, Ijumaa fundi wao kaikagua, jana barua.

— Pole, mwenzangu, alisema Mfupi, akammiminia kahawa.

— Usinipe pole. Nisomeeni hii barua, maana mimi nikiisoma mwenyewe nitavunja kitu.

Kimya alishaichukua. Aliisoma kwa sauti ya mtangazaji:

— "Tumepokea malalamiko yako. Pampu mbili za mwanzo tulikubadilishia bila masharti. Ya tatu hatutaibadilisha. Fundi aliyekuja kuikagua ameripoti kwamba imewaka na kuzima mara nyingi mno. Matumizi ya maji yamepita kiasi cha nyumba moja ya kuishi." Loo! Wamekutukana, Haraka.

— Kiasi cha nyumba! alisema Haraka. Nyumba ipi? Naoga mara moja kwa siku. Nina sahani moja, kikombe kimoja, uma mmoja. Mashati nafua Jumamosi. Watuambie, hayo matumizi yaliyopita kiasi yako chumba gani, nikayatazame!

Mfupi aliitengeneza taulo ya pampu, ingawa ilikuwa imekaa vizuri.

— Ile ya zamani ilidumu miaka kumi na tisa, Haraka aliendelea. Ilipiga kelele kama trekta, ina gudulia lake la chuma la kuhifadhi msukumo, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Ikafa Oktoba, miezi miwili baada ya mazishi. Nikanunua hizi za kisasa. Ndogo, hazina gudulia. Karatasi yake imeandikwa "kimya kama paka." Sawa, ni kimya kama paka. Paka aliyekufa!

— Mimi nilishasema tatizo ni sisimizi, alisema Kimya. Wanapenda umeme. Anaingia mmoja kwenye swichi, anaungua, harufu yake inaita wenzake, nao wanaungua, mpaka swichi inajaa maiti. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hiyo ni methali ya kuweka akiba, Kimya.

— Na wao si wanajiweka?

— Sisimizi nimewamaliza, alisema Haraka. Tangu pampu ya kwanza namwaga dawa kila Jumapili. Boksi lake nimeliziba kwa grisi. Hapiti hata mjusi kafiri.

— Basi ni umeme wenyewe, alisema Mfupi. Tangu wafunge yale mapaneli ya jua njia ya kwenda uwanja wa ndege, umeme umekuwa mwepesi. Mke wangu akioka mkate unaiva nje, ndani mbichi. Pampu inataka umeme mzito.

— Umeme una uzito? aliuliza Haraka.

— Ule wa makaa ya mawe ulikuwa nao.

— Acha hizo bwana, alisema Kimya. Mnazunguka tu. Tatizo ni kiwanda. Ndani ya kila pampu wanaweka kisaa. Kisaa kinajua tarehe ya waranti, ikipita, tiki! Kinajiua. Binamu yangu aliwahi kupasua moja.

— Akakikuta?

— Hakukikuta. Ndiyo ujue wamekificha! Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Zangu zimekufa ndani ya waranti, zote tatu, alisema Haraka. Hicho kisaa chako hakijui kusoma.

— Kinakwenda mbele. Kimetengenezwa kwa majira ya upande ule mwingine wa dunia.

Haraka alikunywa kahawa. Alijua huu ni upuuzi, na alijua pia kwamba kwa mwaka mmoja na nusu upuuzi huu ndio ulimtoa nyumbani kila asubuhi. Lakini leo hakuwa na nafasi nao. Leo ilikuwa siku ya tano bila pampu. Kinu cha upepo bado kilipandisha maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi, ila kuyatoa kwenye tangi kuyafikisha nyumbani na bustanini ndiyo kazi ya pampu, na mchenza wa Beryl ulikuwa umeanza kukunja majani.

— Naubebea maji kwa birika, alisema. Nyonga hii hainiruhusu ndoo. Birika kumi asubuhi, kumi jioni. Jana nimeokota chenza saba chini, za kijani, kubwa kama goroli. Kiwanda kinaniandikia habari ya kiasi!

— Utanyonyoka tu majani, mti haufi upesi, alisema Mfupi.

— Unao mti wewe? Basi nyamaza.

Kimya alijipiga paja.

— Nimekumbuka! Kasuku! Wale weupe wenye kishungi. Wamejifunza kufungua koki. Kaka yangu kawaona mjini: mmoja anazungusha, wenzake wanakunywa kwa zamu, halafu hawafungi. Sasa kama pale kwako kuna koki iliyo...

Kikombe cha Mfupi kilimponyoka, kahawa ikamwagikia viatu vya Kimya.

— Samahani. Mkono umekufa ganzi.

— Umeniunguza!

— Nimesema samahani. Ulikuwa unasemaje kuhusu kisaa?

Haraka aliwatazama, kisha akaitazama pampu. Kasuku alishawawekea wavu mwezi wa Julai. Bustani ile ilikuwa na koki moja tu. Asubuhi aliyokwenda hospitali, Agosti ya mwaka juzi, Beryl alitoka na mkoba wake mkononi, akaenda hadi chini ya mchenza, akafungua koki kidogo tu, maji yakatoka membamba kama uzi wa kiatu. "Usiifunge mpaka mvua inyeshe, Mervyn," alisema, ndipo akapanda gari. Hakurudi. Mvua ya kulaza vumbi ilipita mara mbili tangu siku hiyo. Haraka hakuihesabu kuwa mvua, na Beryl naye asingeihesabu. Koki hakuigusa. Alipokuwa akihesabu matumizi yake, sahani, kikombe na mashati, uzi ule haukumjia akilini. Haukuwa matumizi. Ulikuwa wa Beryl.

Glenda alitoka dukani na kitabu cha risiti.

— Glenda, alisema Haraka, nataka ya nne. Na nataka uwaambie hao watu kwamba mimi si mwongo.

— Nimewaandikia mara mbili, Mervyn. Hakuna aliyesema wewe mwongo.

— Wamesema nimezidisha! Mtu wa miaka sabini na sita, peke yake, kazidisha nini?

Glenda alifungua mdomo, akamtazama Mfupi, akaufunga. Bahati yake lori la vifurushi lilikuwa linaegesha. Aliteremka dereva mgeni, mwanamke wa makamo, mabega mapana, akajitambulisha kuwa Sela, wa kutoka visiwa vya Tonga, amechukua njia hii tangu jana baada ya yule wa zamani kustaafu. Glenda alianza kukagua maboksi. Sela akakaribishwa kahawa, akatafuta pa kukaa, akaona nafasi ya nne ina mgonjwa.

— Imekuwaje hii, wazee?

Wakamweleza wote watatu kwa pamoja: barua, sisimizi, umeme mwepesi, kisaa, kasuku. Kimya aliongeza setilaiti, ambayo alikuwa ameitunza kwa ajili ya kesho. Sela alisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu.

— Mzee, alimwambia Haraka, huwa inawaka kila baada ya muda gani?

Hilo Haraka alilijua. Alikuwa mtu wa vipimo.

— Kila dakika tatu. Nimeipima kwa saa. Mchana dakika tatu, usiku dakika tatu.

— Hata usiku wa manane?

— Hata usiku wa manane.

— Pampu za namna hii haziwaki mpaka mtu afungue maji, alisema Sela. Sasa usiku wa manane, nani anakuwa amefungua?

Kimya alivuta pumzi ya kujibu, kama kawaida yake. Akaitumia kupuliza kahawa iliyokwisha poa. Mfupi aliinama akaanza kukagua kamba za viatu vyake, akiwa amevaa buti zisizo na kamba. Kule kwenye maboksi, Glenda aliacha kuhesabu.

— Hakuna mtu, alisema Haraka. Niko peke yangu. Hakuna aliyefungua chochote ila...

Kisha akawageukia wenzake. Alitegemea kuona watu walioshangaa kama yeye, na hakuwaona.

— Mlijua, alisema.

— Haraka, ndugu yangu...

— Clarrie. Mlijua tangu lini?

Miaka kumi na mmoja hakuwa amemwita Mfupi kwa jina lake pale kijiweni.

— Pampu ya kwanza, alisema Mfupi. Siku ile niliyokurudishia ngazi. Hukuwepo. Nikaisikia inawaka, inazima, inawaka, inazima. Nikafuata bomba mpaka chini ya mti.

— Na hukuniambia.

— Ningesemaje?

— Ungesema! Una mdomo!

— Basi nisemee wewe. "Mervyn, funga koki ya Beryl." Iseme hiyo sentensi, kama inatoka. Mimi niliijaribu garini, njia nzima. Haikutoka.

— Pampu tatu! Haraka alisimama, nyonga na yote. Mmeniacha nichome pampu tatu! Sisimizi! Mwaka mzima mnanilisha sisimizi! Nimepiga magoti kwenye jua nampaka grisi mdudu asiye na kosa! Nimefunga wavu wa kasuku! Nimewatukana watu wa kiwanda kwa barua nne, nimewaita wezi, na kumbe walioniibia wamekaa hapa wananimiminia kahawa!

— Kasuku ni kweli, alisema Kimya kwa sauti ndogo. Kaka yangu kawaona.

— Des!

— Basi.

Sela aliweka kikombe chini.

— Nisamehe, mzee. Sikujua.

— Wewe ndiye pekee usiye na la kuombea msamaha, alisema Haraka. Umekuja dakika kumi zilizopita.

— Mgeni njoo... alianza Kimya, na kwa mara ya kwanza methali yake ilikuwa imekaa mahali pake. Hakuimaliza.

Haraka alikaa tena. Aliweka mikono yote miwili juu ya pampu. Alisema, bila kumtazama mtu:

— Aliniambia nisiifunge mpaka mvua.

— Tunajua, alisema Glenda. Aliniambia na mimi, kwa simu, toka wodini. Alisema, "Muulize kama bado inatoka."

Haraka aliitikia kwa kichwa taratibu.

— Ilikuwa inatoka.

Mfupi akakohoa.

— Nyuma ya gari langu kuna pipa.

— Naliona kila siku. Nilidhani la nguruwe.

— Sina nguruwe tangu sensa ile ya mwisho. Ni lako. Lina mwaka mle. Nimelitoboa chini kwa msumari, tundu moja. Nimelipima kwa ndoo nyumbani kwangu, linatoa uzi uleule. Unalijaza asubuhi mara moja, pampu inafanya kazi dakika kumi, inapumzika siku nzima. Mti unakunywa usiku na mchana. Nilikuwa nangoja tu... sijui nilikuwa nangoja nini. Kiwanda kikatae, labda.

Haraka aliinuka, akaenda hadi kwenye gari, akaingiza mkono ndani ya pipa na kutafuta lile tundu kwa kidole. Alilipata. Lilikuwa limesuguliwa kingo zake, kazi ya mtu asiye na subira aliyejilazimisha kuwa nayo. Aliporudi, Kimya alikuwa ameipindua chupa ya kahawa. Tone moja lilining'inia, likaanguka. Hakuna aliyeinuka.

— Leo mtalijaza ninyi kwa ndoo, alisema Haraka. Wawili nyie. Nitakaa kivulini nihesabu, na atakayemwaga anaanza upya.

— Haki yako, alisema Mfupi.

— Likianza kudondoka, koki nafunga mimi. Asiiguse mtu.

— Hatuigusi.

Kisha akamgeukia Glenda, na sauti yake ilikuwa bado ya mtu mwenye kesi.

— Hiyo pampu ya nne. Sitaki paka. Nipe ile yenye gudulia, kama ya zamani.

— Ninayo moja imebaki. Lakini ina kelele, Mervyn. Ikiwaka utaisikia hadi barabarani.

— Ndiyo hiyo. Nataka niisikie inaponyamaza.