Shangazi Neva na Supu Asiyoipenda

Tarehe 30 Septemba 2019, Bi. Nevyana Dimova, ambaye mji mzima wa Brestinovo humwita Shangazi Neva, anastaafu rasmi baada ya kuhudumu katika mkahawa wetu wa Lozata kwa miaka thelathini na minne. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kwa maneno ya bosi wetu Kuzman, mimi ndiye mtu pekee hapa ambaye Neva hajawahi kumfundisha kazi yake mwenyewe. Si kweli, lakini nimekubali. Naitwa Dobri, mchoma nyama. Jiko langu la mkaa liko uani chini ya mzabibu, na dirisha la jikoni liko nyuma ya mgongo wangu. Kwa hiyo mengi nitakayosimulia niliyaona au kuyasikia mwenyewe, hata pale ambapo sikutakiwa kusikia.

Neva alikuja Lozata mwaka 1985, mkahawa ukiwa bado mali ya ushirika, akitokea kiwanda cha kushona mashati. Aliajiriwa kuosha vyombo. Hakuosha sana. Siku ya harusi moja, mhudumu mkuu alionja rakia, ile pombe kali ya wageni, mpaka akalala stoo juu ya magunia ya viazi, huku bibi harusi na ukoo wake wakigonga meza kwa uma. Neva alikausha mikono, akafunga aproni safi, akatoka na trei. Aliwalisha wote, akawanyamazisha wajomba wawili waliokuwa wanataka kupigana, na mwisho akaongoza duara la ngoma. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumrudisha kwenye sinki.

Waliowahi kula kwetu wanajua kwamba kwa Neva huagizi chakula, unaagizwa. Rakia bila saladi haitoi. "Hapa si kituo cha mafuta," huwaambia madereva. Siku moja alikuja kijana kutoka Sofia na mchumba wake, akaomba menyu.

"Menyu ya nini, mwanangu? Macho mekundu, pua inachuruzika. Wewe utakula supu ya maharage. Na wewe binti, usimwige huyu, kuna nyama ya chunguni imetoka motoni sasa hivi."

"Lakini mimi nilitaka—"

"Ulitaka. Sasa unataka supu."

Mwaka uliofuata walirudi wakiwa mume na mke. Walikaa, wakaikunja menyu wenyewe, wakasubiri kuambiwa.

Lakini nikisimulia vichekesho tu nitakuwa nimewadanganya, maana jambo kubwa alilolifanya Neva katika mkahawa huu lilitokea jikoni, tena kwa siri.

Mpishi wetu, Kaka Genadi, wengi mnamfahamu kwa supu yake ya utumbo, ile ya maziwa, siki, vitunguu saumu na pilipili, ambayo wanaume wa mji huu huifuata asubuhi wakiwa wameshika vichwa. Majira ya baridi ya mwaka 2008 Genadi alipatwa na mafua makali. Alilala wiki mbili, akarudi amekonda, akawasha majiko kama kawaida. Ila chakula hakikuwa cha kawaida. Siku moja supu ilikuwa chumvi tupu, kesho yake ilikuwa kama maji ya kuoshea sahani. Na Genadi, ambaye zamani alikuwa akipika huku anapiga mluzi, akawa anafokea kila anayepita karibu na sufuria zake.

Mzee Spiridon, dereva mstaafu wa garimoshi anayekula kwetu kila siku, hakujificha. Alisukuma bakuli mbele, akaita kwa sauti ya stesheni.

"Neva! Leo mmepika supu, au mmechota Bahari Nyeusi?"

Watu walicheka. Lakini mwezi uliofuata baadhi ya waliocheka tuliwaona ng'ambo ya uwanja, kwenye duka jipya la piza. Kuzman, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshaununua mkahawa na alikuwa hapati usingizi, alianza kusema kuna mpishi kijana huko Burgas, amesomea, anatafuta kazi. Alisema mbele yangu.

Asubuhi moja nilikuwa nawasha mkaa, nikasikia harufu mbaya ya kitu kinachoungua. Nikageuka dirishani. Maziwa yalikuwa yamefurika, yanaungulia juu ya jiko, moshi umejaa. Hatua moja tu kutoka hapo, Genadi alikuwa anakata vitunguu kwa utulivu, ameipa mgongo ile sufuria. Neva aliingia, akazima gesi, akafunga mlango. Dirisha hakulikumbuka.

"Genadi. Maziwa yameungua."

"Nimeona."

"Umeona sasa. Harufu hukuisikia?"

Kisu kilisimama.

"Sisikii kitu, Neva. Tangu yale mafua. Si kitunguu, si kahawa, si sabuni. Naweka chakula mdomoni, naona kama natafuna gazeti."

"Na hukusema."

"Niseme nini? Nimwambie Kuzman mpishi wake haonji? Kesho niko barabarani. Mimi kitu kingine sikijui. Nyumbani hakuna mtu, unajua. Nikitoka hapa natoka kwenda wapi?"

Hapo inabidi mjue jambo moja. Neva hawezi supu ya utumbo. Hakuwahi kuiweza tangu utotoni. Alipoipeleka mezani alikuwa akiishika trei mbali na uso, akipumulia mdomo, na sisi tulikuwa tukimcheka. Asubuhi ile alichukua kijiko, akakitumbukiza katika sufuria kubwa, akafumba macho, akameza. Niliona mabega yake yakitetemeka.

"Chumvi imezidi," alisema. "Ongeza maji na maziwa kidogo. Pilipili iko sawa."

"Neva, wewe hii supu huiwezi."

"Nani kakuuliza? Ongeza maji."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi, kabla Kuzman hajafika, Neva alipita kwenye sufuria zote na kijiko chake: maharage, nyama ya chunguni, mchuzi wa biringanya, na mwisho utumbo, akimalizia na kipande cha mkate na laana. Mchana, wateja wakiwa wamejaa, hakuweza kusimama jikoni akionja, kwa hiyo walitunga lugha yao. Alidokoa kidogo njiani, kisha akapaza sauti mlangoni: "Meza ya tatu wanaomba chumvi!" Maana yake, Genadi, chumvi haitoshi. "Meza ya tatu wanalalamika joto!" Maana yake, umezidisha pilipili.

Tatizo ni kwamba meza ya tatu ilikuwa imevunjika mguu, na ilikuwa kwa fundi tangu Pasaka.

Mimi nilikuwa najua, nikanyamaza. Kuzman alichelewa kidogo kugundua. "Dobri," aliniuliza siku moja, akikuna kichwa, "hawa wa meza ya tatu ni akina nani, mbona hawaridhiki?" Nilimwambia ni watu wa Varna. Alikubali.

Wateja walirudi mmoja mmoja. Mzee Spiridon alikunywa bakuli lake mpaka mwisho, akalipangusa kwa mkate, akatangaza, "Haya, hii sasa ni supu. Ile nyingine mpelekeeni adui." Genadi akaanza tena kupiga mluzi. Neva akaongezeka kilo, akatutupia sisi lawama: eti tunachoma nyama yenye mafuta mengi.

Kisha ikafika sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mwezi Desemba. Siku hiyo kila mwenye jina la Nikola, Nikolai au Nikolina husherehekea, na Brestinovo ina wengi wa hao kuliko miti. Meza zote zilikuwa zimeshikwa. Samaki wa mtoni walikuwa wamejazwa wali na kokwa za jozi, wanasubiri kuingia oveni, na supu ilikuwa jikoni kwa wale watakaoanza nayo. Usiku uliotangulia, jino la Neva lilimvimbisha shavu. Asubuhi alikimbilia kwa daktari wa meno, likang'olewa. Alirudi kazini moja kwa moja, kitambaa kimefungwa kidevuni, akachukua kijiko, akaonja. Akaonja tena. Akamtazama Genadi.

"Thithikii kitu," alisema.

Mdomo mzima ulikuwa umekufa ganzi. Naomba radhi kwa kuandika alivyotamka, lakini yeye mwenyewe akisimulia husema hivyohivyo.

Niliwaona dirishani wamesimama wale wawili na sufuria kati yao. Neva akanigeukia, akaninyooshea kijiko. Kabla sijaweka koleo chini, Genadi alimshika mkono. "Basi, Neva," alisema. "Umemeza vya kutosha." Akavua kofia yake nyeupe, akatoka jikoni kwenda ukumbini, ambako wageni wa kwanza walikuwa wameshakaa na Kuzman alikuwa anawamiminia divai. Neva alimfuata akijaribu kumzuia, lakini kwa mdomo ule hakueleweka.

Genadi alisimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi.

"Kuzman, na nyinyi wote," alisema. "Mimi tangu mafua ya Januari sisikii ladha wala harufu. Chakula mlichokisifu mwaka huu amekionja Neva. Leo naye hawezi. Sijui supu ikoje. Nimeona niseme mwenyewe."

Kuzman aliiweka chupa mezani taratibu. Alimtazama Genadi, kisha Neva na shavu lake, na nikaona anapiga hesabu kichwani.

"Neva," alisema. "Kwa hiyo meza ya tatu ni wewe?"

Neva aliinua kidevu. "Ndiyo mimi. Na ukimfukutha huyu, unanifukutha na mimi."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani alikuwa Kuzman mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa. Lakini kabla hajasema neno, Mzee Spiridon alisukuma kiti nyuma, akasimama na kijiko chake mkononi.

"Mnangoja nini? Hiyo sufuria iko wapi?"

Wakaingia jikoni, wanane au kumi, na vijiko vyao na mavazi yao ya sikukuu. Ikawa vurugu. "Siki!" "Siki gani, huna adabu, ongeza chumvi!" "Mama yangu alikuwa anatia na jani la—" "Mama yako alikuwa anaunguza maji!" Genadi katikati yao alikuwa anatia hiki, anakoroga, anatii amri zote kwa pamoja. Kusema haki, supu iliyotoka siku ile ilikuwa ya ajabu, na si kwa uzuri. Lakini iliisha yote, kwa sababu kila mtu alikuwa ameitia mkono wake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuilaumu.

Kuhusu mpishi wa Burgas, hatukumsikia tena. Kesho yake Kuzman alipita jikoni, akamwambia Genadi, "Mikono ni yako. Ulimi tutaazimana." Kisha akamwongezea Neva mshahara, naye akasema ni kidogo.

Nimalizie habari ya Genadi. Miaka kadhaa baadaye, mwezi Septemba kama huu, sote tulikuwa uani tunachoma pilipili hoho za kuhifadhi kwenye mitungi kwa majira ya baridi. Genadi alikuwa amesimama kando na beseni lake. Ghafla akaliacha, akainua uso, akavuta pumzi kama mbwa aliyesikia njia ya nyumbani. "Neva," alisema. "Naisikia. Hoho. Inaungua upande mmoja." Machozi yakaanza kumtoka hapohapo mbele yetu.

Neva naye macho yalikuwa yamejaa, lakini alimgeuzia mgongo. "Kama unaisikia, igeuze," alisema.

Harufu zilimrudia nusunusu. Kahawa anayo, samaki anaye, utumbo hapana. Kwa hiyo Neva hakukiacha kijiko mpaka wiki hii. Kuanzia Oktoba kazi hiyo ni yangu, na nimeshaambiwa na mstaafu mtarajiwa kwamba nina ulimi wa mbao.

Mengine ya kumshukuru hayaandikiki yote: wafiwa aliowalisha bila kuwauliza wanataka nini, wasichana wa kazi aliowafundisha kubeba sahani nne na kujibu wanaume wakorofi kwa neno moja, mitungi ya hoho ambayo kila mmoja wetu ameipeleka kwake nyumbani, na sauti yake ambayo imetufanya tufike kazini mapema kuliko saa yoyote ya ukutani.

Juzi nilimuuliza atafanya nini sasa. Nilitegemea aniambie bustani, au wajukuu wake wa Ruse. Alifikiri kidogo huku akikunja vitambaa vya meza.

"Nitakula nimekaa," alisema. "Dobri, miaka yote hii nimekula nimesimama, nimeegemea friji, mlango ukifunguliwa nameza haraka. Nataka nikae kama mtu, niletewe, nitafune, nitazame nje. Halafu nitafune tena."

Basi, Shangazi Neva, Jumatatu ni sherehe yako. Wenzako wote wa Lozata, na mji huu uliouambia ule nini kwa miaka yote hii, tunakushukuru kwa mikono yako, miguu yako na ulimi wako, kwa maana zote mbili. Afya iwe nawe, nyumba yako isikose wageni, na siku zako ziwe ndefu na tamu. Ukumbini kiti kimeshavutwa. Kaa. Genadi analeta sahani mwenyewe, na hakuna mtu atakayefungua mlango mpaka umalize.