Gari la Da' Usukani Linyanyuliwe Inchi Ngapi?

Benchi letu liko mbele ya karakana yangu ya useremala, na wanaolikalia ni walewale. Yuko Tani Kumi, dereva wa malori aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kelele. Yuko Injinia, mchomeleaji wa mageti, jina alilojipachika mwenyewe na sisi tukachoka kumkatalia. Na niko mimi, Seremala, ninayejifanya napiga randa huku masikio yote mawili yako nje. Asubuhi hiyo muuza kahawa ndiyo kwanza alikuwa anamimina vikombe vya mwanzo tuliposikia honi, ndefu, ya mtu mwenye furaha. Da' Usukani alilisimamisha gari lake mbele yetu, lile la foo-wili linalosukumwa na magurudumu yote manne, akaruka chini bila hata kufunga mlango.

— Inukeni! Leo gari linapanda juu!

— Linapanda wapi tena? Tani Kumi akauliza.

— Linanyanyuliwa, kaka! Springi mpya, shokapu mpya, miguu yote minne. Fundi yuko tayari kuagiza leo leo. Anataka nimwambie kitu kimoja tu: inchi ngapi.

Hapo hata mimi niliweka randa chini, maana sote tulijua kwa nini. Da' Usukani ndiye anayewavusha watu wa ng'ambo ya mto wakija hospitali huku kwetu. Daraja hakuna, kuna kivuko cha mawe, na maji yakipungua mawe yanatoa vichwa. Wiki iliyotangulia alikuwa amempakia mama mwenye uchungu. Katikati ya kivuko jiwe likapiga tumbo la gari, sampo, lile bakuli la oili ya injini, ikapasuka, oili yote ikaenda na maji. Yeye na mama mkwe wa yule mgonjwa walimshika huku na huku wakampandisha mlima kwa miguu. Mtoto alizaliwa getini mwa hospitali, juu ya shuka. Mama mzima, mtoto mzima, alhamdulillahi. Lakini Da' Usukani alipokuja benchini jioni ile, kahawa yake aliiacha mpaka ikapoa.

— Sampo mpya nimeshaweka, lakini nataka kupita juu ya lile jiwe, alisema sasa, macho yanang'aa. Nipite kama silijui!

— Inchi nne, akasema Tani Kumi papo hapo. Chini ya hapo unajidanganya, dada yangu. Mimi nimeendesha barabara ambazo fisi alikuwa anazipita kwa kuomba njia.

— Nne? Injinia akacheka hadi kahawa ikamwagika. Nne ni za mtu anayekwenda harusini! Sita!

— Sita zinavuta hosi za breki, alisema Da' Usukani. Fundi kaniambia.

— Hosi ni mpira. Mpira kazi yake kuvutika!

— Injinia, wewe breki zako ni za geti, Tani Kumi akamkata. Geti likigoma kusimama linagonga ukuta. Gari likigoma linaua.

— Basi unataka ngapi sasa, si umesema nne?

— Nilikuwa naanzia bei. Nane!

Da' Usukani akaanza kucheka, lakini nilimwona anaangalia chini ya gari, na mimi nikamwonea huruma. Mtu hawezi kuchagua namba hewani. Nikaingia karakanani nikatoka na vipande vya mbao, vipana na vizito, vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja.

— Panda, rudi nyuma taratibu, nikamwambia. Tuweke chini ya tairi. Utaona kwa macho litakavyosimama.

Loo! Hapo ndipo barabara nzima ilipohamia kwetu. Muuza kahawa aliacha birika. Mama wa duka la vocha alifunga dirisha lake. Tuliweka mbao za kwanza, gari likapanda, watu wakapiga makofi. Tukapiga jeki, tukaongeza za pili, Tani Kumi akalala chini kifudifudi na shati lake jeupe.

— Naona anga! alipiga kelele kutoka huko chini. Naona mpaka duka la ng'ambo ya barabara!

— Ongeza! akasema Injinia. Mimi nitachomelea vyuma vya kushikilia springi. Nitaweka na mifuko ya upepo, unabonyeza kitufe, gari linanyanyuka lenyewe, unavuka, unabonyeza tena, linashuka!

— Na likitoboka?

— Linatoboka vipi na mimi nipo?

— Utakuwa umekaa ndani ya mto?

— Kama ni lazima, nitakaa!

Tukaongeza. Tani Kumi sasa anasema springi za lori, anazijua, hazikatiki hata ubebe mlima. Injinia anasema lori ni mambo ya kizamani, inchi kumi na mbili, na tairi za trekta. Da' Usukani mwenyewe alishashikwa na moto. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, anacheka na kufuta machozi.

— Likae hivyo hivyo! Hilo jiwe nitalipita mpaka lione haya!

Gari lilikuwa juu ya rundo la mbao kama mtu aliyevaa viatu vya mkewe. Hapo akafika mama mmoja mjamzito, tumbo limeshashuka, kapu mkononi, jasho usoni. Alikuwa ametoka kliniki na Da' Usukani ndiye alikuwa amrudishe kwao ng'ambo. Akatusalimia wote kwa heshima. Akalitazama gari kuanzia tairi hadi paa, akausogelea mlango. Kizingiti kilikuwa kimemfika kifuani.

— Dada, akauliza kwa upole, mimi napandia wapi?

Tani Kumi akatoka chini ya gari na vumbi usoni, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba ni sisi tuliosema inchi nane. Da' Usukani ndiye aliyecheka kwanza, safari hii taratibu, mkono kwenye paji la uso.

— Nimewasahau wenye gari, alisema. Seremala, toa mbao.

Tukatoa. Mama akajaribu, mguu haukufika. Tukatoa tena. Akajaribu, akafika lakini alilazimika kuvutwa mkono.

— Hapana, akasema Da' Usukani. Siku ya uchungu hakuna wa kukuvuta. Shusha.

Tulipobakisha mbao moja moja, mama aliinua mguu, akashika mlango, akaingia mwenyewe na kapu lake. Watu wakashangilia kuliko walivyoshangilia gari kupanda. Nikapima ile mbao: inchi mbili.

— Na jiwe? Tani Kumi akauliza, sauti imeshuka.

— Jiwe dawa yake ngao, akasema Injinia, na sijawahi kumwona makini vile. Bamba. Bamba la chuma chini ya sampo, nene, nitalipinda kwa mbele ili liteleze. Likigonga, ligonge chuma. Nipe leo na kesho tu, dada.

Springi za inchi mbili zilipofika fundi akazifunga, na Injinia akalifunga bamba lake kwa mikono yake mwenyewe, hakuruhusu mtu kugusa bolti. Siku ya kulijaribu tulijipakia sote bila kualikwa. Yule mama mjamzito alikuwa ameletwa kliniki tena kabla gari halijaingia kwa fundi, akakaa mbele. Kwenye kivuko Da' Usukani akatia gia ndogo, akaacha kuongea. Maji yakarukia milango. Kisha tukasikia chini yetu kwaaaa, chuma kinasuguana na jiwe, mlio mrefu, mpaka meno yakauma. Injinia alinishika paja. Injini haikukohoa. Tairi zikauma mawe ya pili, ya tatu, tukatokeza ng'ambo maji yakichuruzika kila upande.

Tulipiga kelele kama watoto. Tani Kumi alimkumbatia Injinia, Injinia akalala chini ya gari akalibusu bamba. Da' Usukani hakushuka. Aliweka paji la uso kwenye usukani, akakaa hivyo, na mama mjamzito akawa anamsugua mgongo.

Pale juu ya ukingo walikuwa wanangoja watu wa kuvushwa kwenda hospitali: bibi mwenye mguu uliovimba, binti zake, mzee na fimbo yake, mama mwenye mapacha. Waliingia mmoja mmoja, kila mtu kwa miguu yake, hadi gari likajaa.

Mama mjamzito alikuwa ameshashuka na kapu lake. Alilitazama gari, kisha akatutazama sisi, wanaume watatu tuliosimama kando tukipigana mabega.

— Kaka zangu, akauliza, nyie mnarudije?

Tani Kumi alikuwa ameshaanza kukunja suruali.