Hodi Waliyosahau Kuifuta

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshona nguo. Wa pili na wa mwisho ni dada yake, anayewasomea haya. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, sekondari mwaka 1975 na chuo cha ufundi mwaka 1978. Utotoni alifungua kila redio ya nyumbani, na nyingine hazikufungika tena.

Tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa idara ya maji, akahudumia pampu hadi alipostaafu mwaka 2012.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986 na mwalimu wa chekechea, wifi yangu kipenzi. Hawakujaliwa watoto. Mwaka 2005 kaka alijifungia chumba cha uani kila atokapo kazini, kwa miezi minane, akaandika programu ya kompyuta ya kuongoza pampu ndogo, idondoshe dawa kwenye tangi la maji tone kwa tone. Chakula kikiwa tayari, wifi aligonga mlango: mara mbili haraka, kimya kidogo, kisha mara moja polepole. Kaka hujibu, "Naja, bibie!" na asije. Chakula kilipoa kila siku. Kwa kumtania mkewe aliiingiza hodi hiyo kwenye programu, pampu ikiwashwa ilie vivyo hivyo.

Programu aliiweka mtandaoni bure. Yeyote aichukue, airekebishe, hata aiuze. Ila jina la mwandishi libaki, na anayepewa mashine akitaka kuona programu ilivyoandikwa, aonyeshwe. Kazini wakambatiza Bwana Sharti.

Wifi alifariki tarehe 19 Agosti 2009. Tangu hapo kaka alisahau kula, maana hakuna aliyegonga. Sisi nduguze tulidhani anapenda kimya chake. Tulikosea, na inaniuma.

Mwaka 2016 nililazwa, akaja kunijulia hali. Nesi akawasha mashine mpya ya dripu. Ikalia mbili haraka, kimya, moja polepole. Kaka akasimama wima, "Naja, bibie!"

"Unakwenda wapi, kaka?"

Alikaa chini, akalia mbele ya wagonjwa.

Kampuni iliyounda mashine ilikuwa imechukua programu yake, ikafuta jina na kuificha isionwe na mtu. Hodi waliisahau. Aliwaandikia barua saba. Walijibu moja tu, kwamba programu ni kazi ya wahandisi wao. Wakili akamshauri adai fidia.

"Nidai fidia ya kitu nilichotoa bure?" alisema. "Warudishe jina, basi."

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hao walimnyonga na haki wakaondoka nayo. Kila Ijumaa aliendelea kufungua sanduku lake la barua, akalifunga, akarudi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mwezi Aprili 2024 moyo wake ulidhoofika, akalazwa wodi ileile, kitandani kando ya mashine ileile. Alimwambia nesi, "Hii niliandika mimi." Nesi alidhani ni homa, akaniuliza pembeni, nikamweleza yote. Alikata kipande cha plasta, akaandika jina kamili la kaka, akakibandika mbele ya mashine. Kaka alikitazama siku nzima.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, nesi alibadilisha chupa ya dawa na kuiwasha mashine. Ikagonga. Kaka akafumbua macho, akasema taratibu, "Naja, bibie." Safari hii hakukawia.

Ameacha dada mmoja, shemeji, wapwa wawili, na mashine tusizojua idadi yake, zinazobisha hodi vitandani mwa watu wasiomjua.

Mola ampumzishe kwa amani, na huko aliko jina lake lisifutwe.