Tangu Asubuhi Hakuna Mtangazaji

FUNDI MITAMBO: Haloo! Haloo, nani mwenzangu?

MAMA SANTURI: Mimi, shemeji. Mama Santuri. Au umeshaifuta na namba yangu?

FUNDI MITAMBO: Aa, shemeji! Niifute kwa lipi? Hujambo?

MAMA SANTURI: Sijambo. Magoti yako?

FUNDI MITAMBO: Yanalia kama bawaba.

MAMA SANTURI: Pole. Sasa niambie, hapo redioni kuna nini? Tangu saa kumi na mbili asubuhi ni muziki tu. Hakuna mtangazaji, hakuna saa, hata kikohozi.

FUNDI MITAMBO: Ni mtambo, shemeji. Kuna waya umelegea—

MAMA SANTURI: Waya gani? Nimetunza santuri hapo miaka ishirini na miwili, nawajua. Mkitaka kuigeuza redio mnapiga muziki mtupu siku nzima, kesho yake watu wanaamkia redio nyingine. Tulipoacha dansi tukaingia salamu, hivyo hivyo. Tulipoacha salamu mkawapa vijana na makelele yao, hivyo hivyo. Mimi mkaniaga kwa zawadi ya birika.

FUNDI MITAMBO: Lakini lilikuwa birika zuri—

MAMA SANTURI: Linavuja! Safari hii mnageuza kuwa nini?

FUNDI MITAMBO: Maongezi. Siasa, mpira, simu za wasikilizaji. Muziki basi.

MAMA SANTURI: Ati basi! Redio tuliyoianza watu saba, haina serikali haina tajiri, tumetundika magodoro yetu ukutani kuzuia mwangwi! Na santuri zangu?

FUNDI MITAMBO: Zipo, zipo zote— haloo? Mtandao unakwaruza—

MAMA SANTURI: Usinisingizie mtandao. Uko wapi sasa hivi?

FUNDI MITAMBO: Niko humu humu maktaba ya santuri. Nimekalia kile kiti chako.

MAMA SANTURI: Mbona sauti yako inarudi?

FUNDI MITAMBO: Inarudi vipi?

MAMA SANTURI: Inagonga ukuta na kurudi. Chumba hicho kilijaa santuri sakafuni hadi darini, ukiongea sauti inamezwa. Ulinionyesha mwenyewe. Leo unasikika kama mtu aliye ndani ya pipa.

FUNDI MITAMBO: Wamezibeba jana. Malori mawili.

MAMA SANTURI: Yalaa! Na tepu ya mume wangu? Shemeji, picha zake ninazo, shati lake ninalo. Sauti yake ni ile tu, siku alipoimba na bendi humo studio.

FUNDI MITAMBO: Hiyo hawajaibeba. Iko kwangu kabatini, nimeiviringisha kwenye taulo.

MAMA SANTURI: Tangu lini?

FUNDI MITAMBO: Tangu... siku nyingi.

MAMA SANTURI: Ehee! Na kila mwaka nikija kuiomba, mara mashine mbovu, mara ufunguo umepotea! Unanificha nini wewe?

FUNDI MITAMBO: Shemeji, salio lako lisije—

MAMA SANTURI: Limebaki dakika moja, wameshanigongea kengele. Sema!

FUNDI MITAMBO: Enzi za salamu tepu mpya zilikuwa adimu. Tukawa tunarekodi juu ya zile za zamani. Siku hiyo nilikuwa na haraka, sikusoma jalada. Marehemu anaimba ubeti wa kwanza, anavuta pumzi aanze wa pili... inaingia salamu.

MAMA SANTURI: Umemfuta.

FUNDI MITAMBO: Nusu, shemeji. Nisamehe.

MAMA SANTURI: Ni nani huyo aliyemkata mume wangu pumzi?

FUNDI MITAMBO: Aliyekuwa anasoma kadi za salamu alikuwa mmoja tu.

MAMA SANTURI: Mtaje!

FUNDI MITAMBO: Ni wewe. Unamsomea bibi harusi fulani kadi yake, unacheka mpaka unapaliwa. Ndiyo maana nilishindwa kukuletea. Lakini naweza kuikata pale pale, nikuachie ubeti wake peke yake. Wembe ninao hapa—

MAMA SANTURI: Weka wembe chini!

FUNDI MITAMBO: Shemeji—

MAMA SANTURI: Usikate kitu! Niletee kama ilivyo, leo hii, mimi na mume wangu wote wawili humo ndani, na mashine uje na—

FUNDI MITAMBO: Haloo? Shemeji? Nije na ipi? Haloo!