Usifunge Duka Bado

Hadi jana benchi letu liliegemea ukuta wa kibanda cha Kinyozi, likiwa na nafasi moja isiyokaliwa. Ilikuwa ya Spana, fundi wa pampu, aliyepatwa na kiharusi. Mkono ulikuwa unarudi polepole, lakini kuzungumza alikuwa amegoma. Hata mkewe hakupata neno. Mahali pake tuliweka birika la kahawa.

Jana Kinyozi alikuja na habari aliyoivuna kwa mteja wake, mtu wa maabara.

— Seli ya ubongo ikiumia, mara nyingine haiuawi na jeraha. Inajizima yenyewe, kwa utaratibu, kama mwenye duka anayezima taa na kufunga milango. Sasa seli jirani hutoa protini inayokwenda kuibishia hodi: usifunge duka bado.

— Protini si mayai? akauliza Dalali.

— Hii hutengenezwa humohumo kichwani.

— Basi mayai yapitie puani, ni karibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Profesa, aliyeacha shule kwa kutoelewana na hesabu, alipinga. Kwa maoni yake atafutwe mtu ambaye ubongo wake haujatumika, vichwa viwili vigusanishwe, protini ihame yenyewe. Sote tukamgeukia Dalali.

— Mbona mimi?

— Wewe una akiba, bwana, alisema Kinyozi. Kichwa chako hata nailoni ya dukani hakijatolewa.

Tulikuwa tumefikia pendekezo la kumning'iniza Spana miguu juu, mara mkewe akapita na mfuko wa dawa. Tukamweleza yote, mayai yakiwemo. Alisikiliza hadi mwisho.

— Shemeji zangu, kati yenu ni nani amekuja kumwona?

Dalali alichungulia kikombe chake. Kinyozi alipangusa mkasi uliokuwa safi. Mimi nilikuwa na methali mdomoni, nikaimeza.

— Saa za kahawa zikifika anageukia mlango, akasema. Nilidhani anataka upepo.

Akaenda zake. Profesa akainuka na kushika ncha moja ya benchi.

— Dalali, shika huko. Angalia birika.

Benchi lilikwama mlangoni kwa Spana, likaingia kwa ubavu. Alitutazama mmoja mmoja, akamtazama Dalali zaidi. Mkewe akamshikia kikombe. Akanywa funda moja, akakunja uso.

— Imepoa, alisema.

Kinyozi akatoka mbio kwenda kuwasha jiko.