Mofazzal Howlader Anastaafu, Kimbilio Limejaa Pilipili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaambia watu wakimbie, Bw. Mofazzal Howlader, mkuu wa kituo chetu cha tahadhari ya vimbunga hapa kisiwani Char Madhuli, anastaafu tarehe 31 Desemba. Anaondoka mwishoni mwa msimu ambao haukuleta kimbunga hata kimoja, na amenyong'onyea kuliko tulivyopata kumwona.

Alianza kazi akiwa na baiskeli na kipaza sauti, akipita juu ya tuta linalozuia maji ya bahari. Sauti yake ni nene na mbaya, mwenyewe anakiri. Lakini akitangaza, watu walitoka. Katika kimbunga kikubwa kuliko vyote tulivyopata, alimbeba mgongoni bibi Rohima, aliyekataa kumwacha bata wake, na bata akamdonoa sikio njia nzima. Kisiwa kizima kiliingia kimbilioni, jengo letu la ghorofa la kujikinga na vimbunga. Nyumba zilikwenda na maji, watu wakabaki.

Ni yeye aliyegundua kwamba watu hawaji kwenye zoezi la Oktoba la kujihami na kimbunga kwa ajili ya hotuba. Wanakuja kwa khichuri. Akaamuru sufuria kubwa la wali na dengu lipikwe ghorofa ya juu ya kimbilio, na tangu hapo hata wagonjwa walipanda ngazi.

Mwaka huu bendera za tahadhari hazikutoka kabatini. Pale kwa Komola muuza chai, vijana wanaomwita Chacha, yaani ami, walimtania: "Chacha, bahari imestaafu kabla yako." Naye akawaeleza, mara nyingi kuliko walivyostahili, kwamba El Niño huko Pasifiki imevuruga pepo, upepo wa juu umekuwa ukienda kasi, kinyume na ule wa chini, na kila wingu linaloanza kujizungusha linakatwa kichwa. Hewa nayo ilikuwa kavu.

"Lakini maji yana joto," alisema. "Kimbunga kikipita hukoroga bahari, ikapoa. Safari hii hakuna aliyekoroga. Upepo wa juu ukitulia tu, tumekwisha."

"Kunywa chai, bhai, ndugu yangu," Komola akamjibu. "Usituchurie."

Oktoba khichuri ilipikwa kama kawaida, lakini waliopanda kuila walikuwa wachache, na sufuria likashuka karibu limejaa. Hilo lilimuuma, nasi lilituuma.

Kisha Bw. Ruhul Sikder, mwenyekiti wa kamati ya kimbilio na mfanyabiashara wa pilipili kavu, akaomba kuhifadhi magunia machache kwa wiki mbili. Leo magunia yamefika darini, ghorofa zote mbili, na ngazi unaipanda kwa ubavu huku unapiga chafya. Mofazzal amemwendea hadi viatu vimelika.

"Jengo limekaa bure, mzee," Sikder alimwambia. "Liache lifanye kazi."

"Kukaa bure ndiyo kazi yake," Mofazzal akajibu.

Sikder alicheka sana, akamwagizia chai, na wiki iliyofuata akaleta mzigo mwingine. Tulipeleka malalamiko ngazi za juu. Tukaambiwa tusubiri.

Mofazzal aliomba aongezewe muda hadi Mei, maana vimbunga hurudi kuanzia Aprili. Sheria ya umri ikakataa. Kwa hiyo atabaki kisiwani kama mkazi wa kawaida, na mkewe Shahida na wajukuu wao, katika nyumba iliyo chini kabisa ya tuta. Siku bendera zitakapopanda, wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuhitaji ngazi ile.

Bhai Mofazzal, asante kwa koo ulilolikausha kwa ajili yetu. Wengi tunaosoma haya tupo hai kwa sababu ulitupigia kelele. Tunakutakia wewe na Shahida maisha mema, na majirani wenye masikio.

Wageni arobaini tuliowaalika kumuaga watuwie radhi. Mstaafu aliomba kuagwa ghorofa ya juu ya kimbilio, lakini hafla itafanyika uani, juani. Ndani ya jengo lililojengwa kwa watu mia nane, hatukuenea.